Mtumbwi wa Kushoto Kwangu

Boya la pili lilikuwa la rangi ya chungwa. Nilipolifikia niliinua kichwa, nikatazama kushoto, na hapakuwa na mtumbwi.

Palikuwa na maji tu, na mikono ya watu ikipanda na kushuka, na ng'ambo vilima vya Rubavu, Rwanda, vikiwa bado na ukungu wa asubuhi. Tangu nianze kuogelea ziwani, kila nilipogeuza uso kushoto kuvuta pumzi nilimwona mzee mmoja mwenye kofia ya pama, kasia mkononi, akinifuata polepole. Hapa Ziwa Kivu hakuwepo. Nilijua tangu Mwanza kwamba hatakuwepo. Kifua kikabana hivyo hivyo.

Nikameza maji. Mtu akanipiga teke begani, akapita. Karibu yangu alikuwepo mlinzi wa mashindano kwenye kayaki. Sheria inakuruhusu kuishika upumzike, mradi isikusogeze mbele hata kidogo. Nilimtazama. Alinitazama.

Nikageuka chali.

Nikalala juu ya maji, masikio ndani, uso juu, nikapuliza pumzi yote nje kwanza kabla ya kuvuta nyingine, kama nilivyofundishwa. Ziwa Kivu lina kina kinachofika mita 480 hivi. Letu la Victoria, pamoja na ukubwa wake wote, halizidi sana mita 80. Mtu anayeelea hayo hayamhusu. Moyo uliporudi mahali pake nikageuka tena kifudifudi, nikaendelea.

Nilimaliza siku ile: kuogelea, baiskeli na mbio. Lakini kumaliza siko kulikonikalisha niandike. Kilichonikalisha ni maneno aliyoniambia yule mzee niliporudi Mwanza. Wiki zimepita, bado ninaamka nayo.

## Magotini, rudi

Nimekulia Kirumba, ambako harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni inakuamsha kabla ya adhana. Ziwa lilikuwa mwendo mfupi kutoka mlangoni kwetu. Na nilifika utu uzima bila kujua kuogelea.

Mjomba wangu, kaka pekee wa mama, alikuwa ndani ya MV Bukoba, meli iliyozama. Tarehe 21 Mei 1996 sina haja ya kumsimulia mtu wa kanda hii. Mjomba hakutambuliwa. Kila mwaka tunakwenda Igoma, kwenye makaburi ya wale waliozikwa pamoja, na mama husimama mahali anapojisikia kusimama siku hiyo, akaomba hapo.

Baada ya msiba ule nyumba yetu ilipata sheria moja: maji yakikufika magotini, rudi. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Simlaumu mama, na sitamlaumu. Nyumba nyingi za Mwanza zina sheria kama hiyo, na kila moja ina jina la mtu nyuma yake.

Kisha ikaja Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere, kisiwa cha Ukara. Walikufa zaidi ya watu 220. Kilichonishika koo wakati ule, na kinanishika mpaka leo, ni kwamba gati la Bwisya lilikuwa linaonekana kwa macho. Waliokuwa nchi kavu waliona.

Sidai kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wote. Chombo kikipinduka ghafla kinafunika watu, na mzigo uliozidi hauponywi na ujuzi wa abiria. Nasema tu kwamba tangu siku hiyo sheria ya magotini ilianza kunisumbua. Imetuzuia kuingia ziwani kwa hiari yetu. Haijatufundisha la kufanya siku tukiingia bila hiari.

## Miwili tunayo

Nilikuwa mkimbiaji wa asubuhi, wa barabara ya kwenda uwanja wa ndege, kabla sijasikia habari za mashindano ya michezo mitatu. Mwenzangu mmoja wa mbio ndiye aliyenionyesha: unaogelea, unatoka unapanda baiskeli, unashuka unakimbia, saa haisimami hata unapofunga kamba za viatu. Masafa kamili ni kilomita 3.8 majini, 180 kwenye baiskeli na 42.2 kwa miguu. Nusu yake ni 1.9, kisha 90, kisha 21.1. Hiyo nusu ndiyo iliyofika karibu na sisi: tangu mwaka 2022 inafanyika Rubavu, Rwanda, na kutoka Mwanza unafika kwa basi.

Mashindano haya ya masafa marefu yalizaliwa Hawaii mwaka 1978, kutokana na ubishi. Ofisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, na wenzake walikuwa wakibishana nani mwanamichezo shupavu zaidi: mwogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji. Wakaunganisha yote matatu. Walioanza siku ile walikuwa 15, waliomaliza 12.

Ubishi ule ungeletwa Mwanza, nadhani ungeisha mapema. Kukimbia tunako: nchi iliyomtoa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, ndiyo iliyomwona Alphonce Simbu akichukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo mwaka 2025. Baiskeli tunayo: Usukumani ni chombo cha nyumbani kama jembe, inabeba mkaa, maziwa, mgonjwa na bibi harusi, na mbio za baiskeli ni sherehe ya kijiji kizima. Mimi mwenyewe niliwahi kupitwa kwenye kilima karibu na Kisesa na baba mwenye baiskeli ya chuma, dumu mbili za maziwa nyuma, na aliponipita alinipa pole.

Wa tatu hatuna. Na ndio mchezo ambao Mungu ametuwekea uwanja wake mlangoni.

Nilijiuliza pia kwa nini kuogelea huwekwa mwanzo. Jibu nilipewa na kocha wangu, kijana mtulivu aliyenianzisha kwenye bwawa la hoteli: aliyechoka barabarani anakaa chini, aliyechoka majini hana pa kukaa.

## Luchelele

Bwawani nilijifunza kupuliza mapovu, kisha kuelea, kisha kunyoosha mkono. Ilikuwa kazi ya miezi. Mtu mzima anayejifunza kuogelea anapambana na shingo yake: inataka kuinuka, na kila ikiinuka miguu inazama. Kocha hakuwahi kunihimiza niende haraka. Alisema siku nikiweza kulala juu ya maji bila kufanya lolote, mengine yatakuja.

Lakini bwawa lina ukingo, ziwa halina. Ikabidi twende ziwani, Luchelele.

Mashaka yalikuwa mengi na yote yalikuwa ya kweli. Kichocho kipo, ukanda huu unajulikana kwa kichocho. Nilimwuliza daktari, akanieleza vizuri: vijidudu hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye matete na majani ya ukingoni, na hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Kwa hiyo ingia asubuhi, pita matete kwa mtumbwi, ogelea maji ya wazi, na bado kapime na unywe dawa. Mamba wapo, viboko wapo, na wanaojua wako wapi ni wavuvi peke yao.

Ndipo nikampata mzee.

Nilimkuta ameketi juu ya jiwe akishona wavu. "Shikamoo, mzee wangu." "Marahaba, mwalimu." Sijui alijuaje kuwa mimi ni mwalimu, labda ni jinsi ninavyosimama. Nikamweleza ninachotaka: aje na mtumbwi wake, akae kushoto kwangu, upande ninaovutia pumzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: "Kule unakokwenda kushindana, wanaovua wanavua samaki gani?" Nikamwambia Kivu wanavua dagaa wadogo wanaoitwa sambaza. Akatikisa kichwa, ameridhika.

Alikuwa anasoma upepo kwa namna ambayo simu yangu haiwezi. Asubuhi, alisema, upepo unatoka nchi kavu na kulisukuma ziwa mbali nawe. Unapolegea, una muda mchache wa maji yaliyotulia. Kisha jua likishapanda unageuka na kuanza kutoka ziwani, na hapo usiwe mbali. Hakupiga kelele kuniita. Aligonga kasia ubavuni mwa mtumbwi mara mbili. Masikio yakiwa chini ya maji, mlio ule unausikia kifuani kabla hujajua umesikia nini. Mbili maana yake geuka. Sikuwahi kubishana na kasia lile.

Ipo asubuhi niliyotaka kuacha kabisa. Wimbi lilinikuta mdomo wazi, nikashindwa kupumua, nikashika ukingo wa mtumbwi mpaka vidole vikafa ganzi. Mzee hakuniambia nijikaze. Alingoja. Baadaye akasema, "Ziwa lile lile la jana. Leo umelikuta limeamka." Nikaachia ukingo.

Mama aligundua kwa sababu ya kofia ya kuogelea niliyoianika nje. Alikaa nayo mkononi muda mrefu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumtuliza, hakuyataka hata moja. Aliuliza tu:

"Nani anakuwa na wewe?"

"Mzee mmoja wa Luchelele, mama. Ana mtumbwi. Yuko ziwani tangu ujana wake."

"Basi," akasema, na akairudisha kofia kwenye kamba.

Ruhusa yote ya mama yangu ilimkalia mzee yule.

## Rubavu

Safari nitaipitia haraka. Daraja la Kigongo–Busisi, ambalo sisi tuliosubiri kivuko pale maisha yetu yote bado tunalivuka kwa mshangao. Geita, Nyakanazi, Rusumo. Baiskeli imefungwa kwa mablanketi kwenye buti la basi.

Baiskeli ilinitendea haki. Mfukoni nilikuwa na matobolwa ya mama, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na nikayatafuna taratibu wakati wenzangu wananyonya vipakiti vyao. Yanatosha. Ningemshauri mtu yeyote wa kwetu asihangaike na vya kununua kwa bei ile kabla ya kujaribu matobolwa.

Mbio ndizo zilizonivunja vipande. Miguu iliyotoka kwenye baiskeli hailingani na miguu ya kawaida; inakimbia kama imeazimwa, na joto la mchana halikungoja niizoee. Kando ya barabara watoto walikuwa wakipiga kelele: "Komera! Komera!" yaani jikaze. Mama mmoja, Kiswahili chake cha upande wa Goma, alitembea sambamba nami hatua kadhaa akiniambia, "Kuraje mama, kuraje, usikae," yaani jipe moyo. Sikukaa.

## Jibu la mzee

Nilimpelekea majani ya chai ya Rwanda na kilo za sukari, na medali ili aishike. Aliigeuza, akaipima uzito kwenye kiganja, akanirudishia. Nikamsimulia habari ya boya la pili.

"Nilitazama kushoto, mzee wangu, hukuwepo. Nikaogopa."

Akacheka kwa upole. "Na ningekuwepo ningefanya nini, mwalimu? Mimi kuogelea sijui."

Nilidhani ananitania.

"Asubuhi zote zile? Kama ningezama?"

"Ningekunyooshea kasia." Akafikiri. "Ukilikosa, ningepiga kelele."

Hakusema kwa aibu. Alisema kama mtu anayeeleza kazi yake. Mtumbwi anaujua, upepo anaujua, nyavu anazijua. Maji yenyewe hakuna aliyemfundisha. "Sisi tunakaa mtumbwini, hatukai majini," akasema. Nikamwuliza wenzake. Akasema baadhi wanajua kidogo, ule wa utotoni wa kutapatapa ukingoni, wengi hawajui. Kisha akanisimulia, bila mimi kuuliza, kuhusu mdogo wake aliyetoka na taa usiku kuvua dagaa. Asubuhi mtumbwi ulipatikana. Ulikuwa mzima, haukupinduka, na nyavu zilikuwa ndani.

## Kinachoniuma

Nimejaribu kulitazama jambo hili kwa kila upande.

Upande mmoja nasema: mzee hakunidanganya, sikumwuliza. Na kama mlinzi alinipa kile alichokuwa nacho, ambacho kilikuwa kikubwa. Utulivu wake ndio ulionifundisha ziwa. Heshima yangu kwake imeongezeka: mtu asiyejua kuogelea alitoka nami maji ya wazi kila nilipomwita, na kama mtumbwi ule ungepinduka, mimi ndiye ningepaswa kumwokoa yeye.

Hapo ndipo ninapokwama. Mimi nilifundishwa kuelea ili nikashindane. Yeye anayeishi juu ya maji hakufundishwa kwa ajili ya lolote.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 hufa maji kila mwaka, zaidi ya tisa katika kila kumi wakiwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Linashauri watoto wafundishwe kuogelea na kujiokoa kuanzia umri wa miaka sita. Bangladesh wamefanya hivyo kwenye mabwawa ya vijijini: wanajenga jukwaa la mianzi ndani ya bwawa ili kina kiwe kifupi, watoto wanajifunzia hapo hapo kijijini. Hawakungoja bwawa la vigae.

Shuleni kwangu tunafundisha mpira, netiboli na riadha. Ziwa linaonekana dirishani.

Wazazi niliozungumza nao wana hoja, na nazipa uzito. Kichocho. Lakini mtoto wa Luchelele tayari yumo majini kila siku: anateka, anafua, anaosha vyombo, mchana jua likiwa kali, palepale kwenye matete. Marufuku ya kuogelea haimwepushi na kichocho. Inamwepusha na kuogelea. Hoja ya pili ni nzito zaidi: anayejua kidogo hujiamini sana. Ni kweli. Ndiyo maana nadhani wengi wetu tunaanza pabaya, tunafundisha mikono na mbio. Kilichonisaidia Kivu hakikuwa mkono wowote. Nililala chali nikapumua. Mvuvi aliyeanguka usiku akiweza kufanya hilo kwa muda, mwenzake ana nafasi ya kumfikia na kasia.

Na majaketi okozi? Yatangulie, nakubaliana kabisa. Lakini tajiri mwenye mtumbwi hununua injini kwanza, kisha nyavu, kisha taa, na fedha huishia hapo. Wavuvi wanasema jaketi linawabana wakivuta nyavu. Nimevuta wavu nao, nikiwa nimelivaa. Linabana kweli, na nililivaa mpaka mwisho.

## Jumamosi

Tumeanza kidogo. Kocha anakuja Jumamosi asubuhi, nami pamoja naye. Watoto wanaletwa na wazazi wao wenyewe, walio tayari kusimama pale mpaka mwisho. Asiye na mzazi haingii. Wavuvi ndio wanaochagua mahali, mbali na matete. Zahanati wamekubali kuwapima kichocho na kuwapa dawa wanaostahili. Kila mtoto ana dumu tupu la lita tano, limefungwa vizuri kifuniko, analikumbatia kifuani na kulala chali. Somo lote la mwanzo ni hilo. Baadaye dumu linaondolewa. Wasichana wanaelea haraka kuliko wavulana, kwa sababu hawana mazoea ya kutapatapa ya kusahau kwanza.

Mama yangu alikuja mara moja. Alikaa mbali na maji, na aliondoka mapema, lakini alikuja.

Nilikuwa nimejiandikisha moyoni kwa masafa kamili, 3.8, 180, 42.2. Nimeahirisha. Nauli, ada na hoteli za safari ile zinanunua majaketi mengi, na miguu yangu inaweza kungoja.

Mzee anatazama masomo haya akiwa juu ya jiwe lake na wavu wake. Juzi aliniita. "Mwalimu, mnafundisha vizuri. Lakini mnafundisha asubuhi. Sisi tunaanguka usiku."

Kocha nami tulikosa la kusema. Yeye ndiye aliyetoa njia. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wanakaa nchi kavu siku hizo, na ziwa lina mwanga. Mahali patachaguliwa kwa uangalifu kwa sababu viboko hutoka kula usiku. Mitumbwi miwili itakaa upande wa nje, na safari hii kila aliye ndani yake atavaa jaketi. Wavuvi saba wameshasema watakuja, na mzee amejiweka wa kwanza kwenye orodha. Majaketi ya watoto tumeshapata ya kutosha. Tunatafuta ya watu wazima.